Silinda ya Tatu

Siku ambayo nchi nzima ilikuwa inacheza ngoma ya uhuru, watu wa Mwabungo walikuwa Golini, katikati ya mlima, wakisukuma lori. Walikuwa wamevaa nguo mpya. Akina mama walikuwa wamejifunga leso za sare, wazee wamevaa kanzu zilizopigwa pasi ya makaa, na lori la chama chao, waliloambiwa litawafikisha Kwale kabla bendera haijapandishwa, lilikuwa linatetemeka, linatoa moshi na kurudi nyuma. Bendera ikapandishwa bila wao. Waliisikia tu. Vigelegele vilitoka kule juu, ngoma zikaitikia, na wao wakabaki na vumbi lao na jiwe walilolitia chini ya gurudumu. Mtu husamehe mengi, lakini ukimkosesha uhuru ambao babu yake aliungoja mpaka akazikwa, usitarajie kumwambia pole yakaisha.

Aliyekuwa nyuma ya usukani ni Alfani.

Alfani alikuwa dereva wa lori hilo na fundi wake pia. Ufundi aliupata katika karakana ya shamba la miwa kule Ramisi, na aliupata hasa, si wa kubahatisha. Alikuwa hodari, alijijua kuwa hodari, na alihakikisha hakuna mtu kati ya Mwabungo na Galu asiyejua. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Ukimuuliza jambo akiwa na spana mkononi, ama hakujibu, ama alijibu kwa namna ya kukufanya ujute kuwa na ulimi. Watu walimvumilia kwa sababu lori lilikuwa linakwenda. Siku lilipokataa kwenda, wote walikumbuka kila neno alilowahi kuwaambia.

Na wa kwanza kukumbuka alikuwa mjomba wake, Mbwana, kaka wa mama yake, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa nazi kilichokuwa na lori lile. Mjomba kwa watu hawa si mtu wa kuja kula wali wa sikukuu na kuondoka. Mjomba ndiye mwenye kauli. Ndiye aliyemtoa Alfani Ramisi kwenye kazi yake nzuri, akamwambia njoo uwaendeshee watu wako, naye akaja. Sasa mjomba huyo huyo, siku ya pili tu baada ya lori kukokotwa kurudishwa Mwabungo, alisimama mbele ya banda la chama, penye kunuka nazi kavu, akanyoosha mkono mbele ya watu.

"Nipe ufunguo," alisema.

"Mjomba, niache kwanza nilifungue nilitazame."

"Ulifungue utoe kitu gani tena? Juma lililopita ulionekana Mombasa, katika duka la vyuma vya magari, na gunia mkononi. Lori lilikuwa zima. Baada ya hapo likawa halipandi mlima. Mimi si fundi, Alfani, lakini si mtoto. Umetoa pistoni nzuri ukauza, ukatia kuukuu."

Alfani alikuwa amekwenda Mombasa, ndiyo, kutafuta gasketi ya kabureta, na ndani ya gunia kulikuwa na maembe ya kumpelekea shangazi yake Likoni. Angeweza kulieleza hilo kwa maneno machache, na pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Alfani hakuwa mtu wa maneno machache, na aliona kujieleza ni kujishusha. Aliutupa ufunguo chini, miguuni pa mjomba wake, mbele ya watu.

"Okota," alisema. "Kisha uliendeshe wewe."

Hapo ndipo alipojimaliza. Kumtupia mjomba wako ufunguo mchangani ni jambo ambalo hata waliokuwa upande wake hawakuweza kulitetea. Mbwana aliuokota mwenyewe, polepole, na tangu siku ile lori likafungiwa ndani ya uga wa banda, hakuna ruhusa ya kulisogelea, na habari ikasambaa kwamba usukani atapewa Kaingu, kijana aliyekuwa akiendesha trekta huko Msambweni.

Alfani akawa mwizi. Hakuna aliyemwita hivyo usoni, ila aliliona neno hilo kila alipopita. Akiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Akiamkia, anaitikiwa kwa pua. Hata msikitini, safu ilikuwa inampa nafasi pana kuliko inavyotakiwa. Alikuwa anarudi nyumbani akiwa amefura, anapiga teke ndoo, anaisemesha mbuzi ya nazi kana kwamba nayo ni mwanachama.

Kitu kimoja tu kilimtuliza roho: mama yake. Mwanatumu hakuwahi kumuuliza kitu. Alimpikia, akamfunikia chakula kwa kawa, akakaa kando akivuta tasbihi. Alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, na wakati mwingine Alfani alimkuta amekaa juu ya mkeka, amejifunika leso usoni, midomo inatikisika. Hakumtazama mwanawe machoni siku hizo. Alfani alielewa. Mama ana uchungu kwa ajili yangu, alijiambia, anamwona kaka yake ananidhulumu na hana la kufanya. Angalau yuko mtu mmoja katika dunia hii anayejua mimi si mwizi. Wazo hilo lilimpa nguvu, na nguvu hizo zote alizitia katika hasira.

Hatimaye hasira ilimfikisha Ramisi. Alimwendea Thoya, msimamizi wake wa zamani katika karakana, Mgiriama mpole mwenye masikio makubwa, ambaye alikuwa na desturi ya kunyamaza mpaka injini imalize kusema.

"Nataka geji ya kompresheni," Alfani alisema, hata chai hajaletewa. "Na nakutaka wewe uje nayo. Nikiipima mimi watasema nimeichezea."

"Unataka kujua lori lina nini, au unataka kuwaonyesha watu?" Thoya aliuliza.

"Nataka wale udongo wao."

Thoya aliishusha geji kutoka rafuni. "Geji haichagui, Alfani. Ikianza kusema, inasema kila kitu."

"Na iseme."

Basi Jumapili moja asubuhi watu walijaa uga wa banda la chama. Mbwana hakuwa na njia ya kukataa, kwani Alfani alikuwa ametangaza kila mahali kwamba mjomba anaogopa kipimo. Mwenyekiti akaketi kwenye kiti, bakora kati ya magoti. Kaingu alisimama karibu na mlango wa lori, ameshika kofia yake, hajui kama awe dereva au mgeni. Wanawake walikaa kwenye kivuli cha ukuta, na Mwanatumu alikuwa miongoni mwao.

"Shikamoo, mzee," Thoya alimwamkia Mbwana.

"Marahaba. Fanya kazi yako, bwana. Sisi hatuna ugomvi na wewe."

Lori liliwashwa lipate moto kidogo. Lilishtuka, likakohoa, likatetemeka bodi nzima, na kwa chini kulikuwa na mgongano mdogo unaorudia. Alfani aliusikia akauma meno. Ndiyo kwanza alisikilize tangu Golini. Thoya naye aliusikia. Akazima injini, akafungua plagi zote sita na kuzipanga juu ya gunia kwa utaratibu wake. Kisha akaitoa geji kwenye kitambaa. Ilikuwa kitu kidogo, uso wa mviringo kama saa, mshale mmoja, na chini yake mdomo wa mpira.

"Hiki kinapima nguvu ya pumzi," aliwaeleza watu, kwa kuwa walikuwa wameanza kunong'ona. "Ndani ya kila silinda muna pistoni inayopanda na kushuka. Ikipanda, inabana hewa. Hewa ikibanwa sawasawa, gari lina nguvu. Ikiwa inavuja mahali, gari halina nguvu. Mimi nitaziba tundu la plagi kwa hii, Kaingu atapiga stata akiwa amekanyaga mafuta mpaka chini, na mshale utatuambia. Mzee, naomba usogee usome mwenyewe."

Mbwana alisogea. Alfani alisimama upande wa pili wa injini, mikono amefumbata kifuani, macho kwa mjomba wake.

Silinda ya kwanza. Stata ikalia, mshale ukaruka, ukaruka tena, ukasimama juu. "Mia na ishirini," Mbwana alisoma, kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisoma. Ya pili ikaja vilevile. Ya tatu, mshale ulipanda kwa uvivu ukakomea sabini. Thoya akairudia, ukakomea pale pale. Ya nne, ya tano na ya sita, zote zilikuwa sawa na ya kwanza.

"Hiyo hapo," alisema Mbwana, na kiti chake hakukirudia. "Ya tatu. Nilisema nini mimi? Ametoa nzuri akatia mbovu."

"Subiri, mjomba," Alfani alisema kwa meno. "Kipimo hakijaisha. Uliwahi kuona mwizi anayeiba pistoni moja akaacha tano?"

"Mwizi mwerevu huiba moja."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimwingia Alfani kama mwiba wa samaki kooni. Alitaka kuruka juu ya injini amfuate mzee mwenyewe. Thoya akamwekea mkono begani, mkono mzito wa karakana.

"Pistoni kuukuu, au ringi zilizokwisha, zinajulikana," Thoya alisema. "Unatia oili kidogo ndani ya tundu. Oili inaziba pale ringi ziliposhindwa kuziba, na ukipima tena mshale unapanda sana. Tutatia mbele yenu."

Alitia oili, akangoja ishuke, akaweka geji, Kaingu akapiga stata. Mshale ukasogea kidogo tu, akaurudia, ukabaki pale. Thoya akageuka.

"Ringi ni nzima, mzee. Pistoni hii haikubadilishwa. Kitu chochote kuukuu kingejitangaza hapa."

Alfani alisikia furaha chungu inampanda kifuani, akaona huu ndio wakati wake. "Haya," alisema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani. "Nani aliniita mwizi? Mwenye ubavu alirudie sasa hivi. Mjomba, wewe mtu mzima, mwenyekiti, umenipaka matope mbele ya watoto wadogo. Nitasafishwaje mimi? Mtanipigia ngoma?"

"Na hiyo silinda imekufa kwa nini?" Mbwana aliuliza. Hakuwa amepandisha sauti. "Ikiwa hukuiba, basi umeiua. Sisi tulikupa lori zima."

Hilo lilikuwa swali, na Alfani, kwa hasira zake zote, alikuwa fundi. Alijikuta anataka jibu kuliko alivyotaka kushinda. Akainama pamoja na Thoya. Walizungusha injini kwa hendeli taratibu, Alfani ameweka sikio kwenye kabureta, Thoya kwenye bomba la moshi. Hakuna kilichovuja, kwa hiyo valvu zilikuwa zinafunga. Silinda za jirani zilikuwa na nguvu na maji ya rejeta hayakutoa povu, kwa hiyo gasketi ilikuwa nzima. Kitu hakivuji popote, na bado hakina nguvu.

Thoya aliomba chelewa kutoka kwenye ufagio wa banda. Aliitumbukiza kwenye tundu la silinda ya kwanza, pistoni ikiwa imefika juu kabisa, akaiwekea alama kwa ukucha. Akafanya vivyo kwenye ya pili, na alama ikawa pale pale. Kwenye ya tatu, chelewa ilizama zaidi. Aliinyanyua wote waone: kati ya alama na alama palikuwa na upana wa punje ya mahindi.

"Haifiki juu," Alfani alisema polepole. "Konrodi imepinda."

"Imepinda," Thoya aliitikia, kisha akawageukia watu. "Ule mkono wa chuma unaoishika pistoni umepinda, ndiyo maana haifiki inapotakiwa kufika, na hewa haibaniki. Mkono ule haupindi kwa uzee. Unapinda pistoni ikipanda ikakutana na kitu kisichobanika. Hewa hubanika. Maji hayabaniki. Kule kwetu lori moja lilitumbukia mtoni wakati wa mafuriko, likavuta maji kwa juu, likapinda hivi hivi. Humu mliingia maji."

"Mtoni?" alisema Mbwana, na sasa sauti ilipanda. "Umelitia mtoni na wanawake ndani?"

"Mto gani?" Alfani alifoka. "Kutoka hapa mpaka Golini kuna mto gani, mjomba? Ulikuwa umekaa karibu yangu mbele, umenikalia na bakora yako, ulilowa wapi?"

Lakini tayari alikuwa anakumbuka. Asubuhi ya safari, alipopiga stata mara ya kwanza, injini ilishika, ikagonga kishindo kimoja na kuzima. Akapiga tena, ikashika, ikawa inatetemeka. Alidhani ni plagi chafu. Watu walikuwa wamekwisha kupanda, wanaimba, na yeye hakuwa mtu wa kushuka mbele ya umati akasema hajui lina nini. Kwa hiyo kishindo kile ndicho. Maji yalikuwa ndani kabla lori halijatoka uani kwake.

Alichukua spana akaifungua kabureta mwenyewe. Siku moja kabla ya safari alishinda na lori lile uani, akiisafisha kabureta hiyo hiyo na kukaza nati za chini, na kila mpita njia alikuwa na swali lake, naye akawa anawajibu bila kutoa kichwa chini ya gari. Jioni aliirudisha, lakini kifuniko cha hewa alikiacha chini kikauke, mdomo wa kabureta ukalala wazi na kitambaa juu yake, na asubuhi akakirudisha kifuniko kwa haraka bila kuchungulia. Sasa aliitoa, akaingiza kidole kwenye bomba la kuvutia hewa, mahali linapopinda na kufanya kishimo. Kidole kilitoka na ukoko mkavu. Ulikuwa wa manjano.

Aliunusa. Hata katika harufu ile ya petroli, marashi yalikuwa bado yapo.

Hapakuwa na mtu ugani pale ambaye hangeitambua rangi ile. Zafarani. Aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji na marashi, na maji yale hunywa mgonjwa, au hupakwa mlango wa nyumba mpya, au uso wa bibi harusi. Ni kombe. Na hapa lilikuwa limenyweshwa injini.

Alfani aliinua kidole chake kwa mjomba wake, na hasira iliyomjia safari hii ilikuwa tamu, kwa kuwa ilikuwa na mahali pa kwenda.

"Nani alilitilia lori kombe?"

Mbwana alikitazama kidole. Uso ulimshuka.

"Nimeuliza. Hiki si kitu cha kuokota njiani. Mtu alikwenda kwa mwalimu akaomba kombe la gari. Nani? Umeniweka na jina la mwizi, watu wamenikimbia kama mwenye ndui, na kumbe mnajua."

"Mimi niliagiza," alisema Mbwana. Ilimgharimu, lakini alisema. "Safari ilikuwa ya watu wengi, na macho ya watu ni mengi. Nilimwomba mwalimu, akaniandikia, likaja chupa nzima. Lakini nilisema linyunyizwe magurudumuni na usoni pa lori. Sikusema ndani. Wallahi sikusema ndani. Nami sikulinyunyiza mwenyewe. Nilimpa..."

Alikuwa anatazama kivulini, kwa dada yake, na watu wote wakageuka kutazama huko.

Mwanatumu alisimama. Alijifunga leso vizuri, kama mtu anayejiandaa kwenda mbali, akaja mpaka penye gunia la plagi.

"Ni mimi," alisema.

"Mama, nyamaza," Alfani alisema haraka. "Hawa wasikusukumie lawama. Mjomba ndiye aliye..."

"Ni mimi, nimesema. Kaka aliniambia magurudumuni na usoni. Mimi nikaona dawa ya mtu huingia mdomoni, haipakwi visiginoni. Nikaja kukuuliza. Ulikuwa umelala chini ya gari. Nikakuambia, mwanangu, nimepewa kombe la lori lako, na hili pumzi yake linaivutia wapi? Ukatoa mkono tu, na spana, ukanionyesha pale juu. Ukaniambia, 'Hapo, mama. Sasa niondokee.' Alfajiri, baada ya kusali, nikapanda kwenye kigoda nikafunua kitambaa nikalimimina lote."

Alfani aliitafuta siku ile kichwani mwake. Aliikumbuka spana, aliyakumbuka mafuta yakimdondokea jichoni, alikumbuka sauti nyingi na miguu mingi, na miongoni mwa miguu ile palikuwa na miguu miwili yenye hina iliyofifia, iliyosimama muda mrefu kuliko mingine. Neno la kombe hakulikumbuka. Hakulisikia. Alikuwa amejibu swali bila kulisikiliza, kama kawaida yake.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza, na sauti ikamtoka kali kwa mazoea. "Muda wote huu. Wananiita mwizi, na wewe uko ndani na mimi, unanipikia, na hukusema?"

"Ningesema nini? Mimi nilijua kombe ni la kulinda. Nilipoona lori limekufa mlimani na watu wote juu yake, nikajua kombe limekataliwa." Mwanatumu alimtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu Golini. "Nikasema, basi ni kweli wasemayo. Mwanangu ameiba, na maneno ya Mungu hayawezi kukaa pamoja na wizi. Ndipo nikaanza kufunga, nikikuombea msamaha."

Kaingu alikuwa ameivua kofia tena. Alfani alihisi kitu kinamtoka mwilini, kitu alichokuwa amekiegemea bila kukijua. Watu wote hawa kumwona mwizi, sawa. Alikuwa amewachukia kwa raha zake. Lakini kila sahani aliyofunikiwa, kila futari, kila usiku wa tasbihi, ilikuwa ni sahani ya mwizi.

"Na wewe, mama?" alisema. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Kwa nini hukuniuliza? Ungeniuliza tu."

"Nikuulize?" Mwanatumu akamsogelea, na watu wakaona kwamba hata yeye alikuwa na hasira, ya siku nyingi, iliyotulia kama maji ya mtungi. "Nani anakuuliza wewe neno, Alfani? Baba yako alikufa anaogopa kukuuliza saa. Mimi nimekuzaa, nami nikitaka kukusemesha nasimama kwanza nje ya mlango napima umeamkaje. Niliuliza swali moja la gari lako nikafukuzwa. Hili la wizi ningelianza wapi?"

Mbwana alikohoa. Aliutoa ufunguo mfukoni mwa kanzu, akapiga hatua, akaunyoosha mbele ya mpwa wake. Hakusema samahani, wajomba hawana neno hilo, lakini mkono ulikuwa wazi. Alfani hakuupokea. Alikuwa bado anamtazama mama yake. Mdomo wake ulikuwa na maneno mengi makali, ameyatunza tangu siku ya bendera, ameyanoa, ameyapanga, na sasa aliyapekua moja moja asipate hata moja la kumwambia yeye.

"Basi niulize," alisema mwisho.

"Sasa?"

"Sasa. Mbele yao."

Mwanatumu alimpima usoni, kana kwamba anasikiliza kwanza anga imekaaje.

"Uliuza vyuma vya watu, mwanangu?"

"La, mama. Sikuuza."

Alilisema taratibu, kwa sauti ya chini, bila kuongeza neno. Thoya, aliyekuwa anakunja geji yake kwenye kitambaa, alisimamisha mikono.

Mwanatumu aliinua kichwa, akaishika ncha ya leso akaifutia ule ukoko wa manjano kwenye kidole cha mwanawe, taratibu, mpaka ukaisha.

"Laiti ungenijibu hivyo siku ile," alisema, akauacha mkono wake, akarudi kivulini kuchukua viatu vyake.